Wamuyu Wawili wa Gitari

Kazi yangu chuoni ni kuchunguza nyota zinazokufa. Nyota kama jua letu ikizeeka huvimba, kisha huanza kutema gesi. Ikiwa peke yake, gesi husambaa pande zote. Ikiwa na mwenzake karibu, gesi nyingine hukusanyika kiunoni kama mshipi, na inayobaki hutokea juu na chini, mabawa mawili. Baada ya miaka elfu kadhaa mabawa hayo hufifia yakaisha. Mwenzake mara nyingi haonekani, lakini ukiona mabawa unajua yuko. Nimekuwa nikimtafuta miaka sita.

Baba yangu, Gitari, alikuwa na nyumba ya pili Siakago, mke na watoto, na sikuona kitu. Niliambiwa habari za nyumba hiyo Jumanne, siku mbili baada ya kifo chake. Sikushtuka. Niliendelea kumenya viazi.

Jumamosi tulimzika Kianjokoma, na mimi ndiye niliyepewa kusoma wasifu. Ndugu yake, baba mdogo Ndambiri, alinipa karatasi ibada ikianza.

"Hiyo list ya watoto nimerekebisha," akaninong'oneza. "Wamuyu ilikuwa imeandikwa mara mbili, nikatoa moja."

Halikuwa kosa. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama mzaa baba. Baba alikuwa na mama mmoja na nyumba mbili, basi akawa na Wamuyu wawili. Mwenzangu alikuwa ameketi nyuma kabisa na watu wa Siakago, pua ni ya baba, akinitazama. Nikisoma jina mara moja, kila mtu angejua ni mimi, naye angeondoka pale bila baba.

"Wamuyu," nikasoma. "Na Wamuyu wa Siakago."

Mama aliinamisha kichwa. Sikuhisi chochote, hata kwamba nimetenda jema.

Baada ya maziko Wamuyu wa Siakago alikuja akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante, dada."

"Ni sawa."

"Alikuwa ananiita maitu," akasema. "Ati mimi ni mamake amerudi. Kila asubuhi kwa simu, maitu, umeamkaje."

Mimi aliniita Wamuyu. Miaka thelathini na minne, Wamuyu tu. Wivu ulinikaba hadi nikaanza kulia mbele za watu, na dada yangu akanikumbatia akidhani ninamlilia baba.