Fungu la Shemeji Afanasi

Mimi hasira zangu ziko karibu, na shemeji yangu Afanasi anajua pa kunigusa. Jumatano ile aliingia mkutanoni akasema chanja za samaki kule kambini mtoni zimevunjwa tena, samoni wa nusu kijiji wameliwa, na mwizi ni Mama Ukosi. Nyayo ameziona kwa macho yake: kubwa, na mguu wa mbele wa kushoto umekosa kidole. Afanasi ndiye mdogo wa mume wangu, ni mwindaji, na sauti Mungu kamjalia. Watu wakakubali ampige risasi Jumamosi.

Mama Ukosi ni dubu jike, ana mkanda mweupe shingoni, na kiangazi kile alikuwa na watoto wawili. Nimempiga picha tangu yeye mwenyewe ananyonya, ila miguu yake siku zote iko majini au majanini. Hapa Kamchatka jike akiuawa Agosti, wanawe hawavuki baridi, kila mtu analijua hilo. Nikasimama nikasema si yeye. Yule anavua mwenyewe, wetu wa kukausha hana haja nao. Wakaniuliza nimemwona mwingine? Sikuwa nimemwona. Basi vicheko, nikaketi.

“Shemeji,” Afanasi akasema, “hiyo kamera yako haijawahi kujaza sufuria. Mambo ya mwituni tuachie wenyewe.”

Mume wangu alinifinya mkono chini ya meza, maana ananijua. Ila nilikuwa nachemka.

Kesho yake alfajiri nikamwambia mume wangu nakwenda kuchuma matunda. Akaniambia nichume mengi, wala hakuuliza kikapu kiko wapi. Kwetu sisi Waeveni mtu anayemfuata Babu, ndivyo tumwitavyo dubu, hatangazi, na jina lake halitaji, kwani Babu ana masikio. Nikashuka mtoni na kamera yangu, nikapanda juu ya paa la kibanda cha kambini, upepo ukinijia usoni. Siku hiyo niliambulia kunguru na mbu, na mbu wa kwetu hawana haya hata kidogo.

Ijumaa asubuhi, niko paani tena, ukungu ulipoanza kupanda, nikasikia pumzi nzito chini yangu. Dume, tena dume haswa, pua imechanika, kapita ubavuni mwa kibanda. Jamani, niliogopa! Nikajivuta nyuma, mabati yakalia. Akainua kichwa akanitazama. Nikamwambia polepole, kama nilivyofundishwa na mama yangu: “Babu, sina ubaya nawe. Pita zako.” Akapumua kwa nguvu, akaenda zake chanjani, akaanza kula jasho letu kama aliyealikwa harusini.

Nikampiga picha, na bado roho haikutulia. Mguu wa kushoto ulikuwa umezama kwenye majani, na namjua Afanasi: bila pengo la kidole kuonekana angesema huyu kaja leo tu, kufuata harufu. Nikasubiri, kidole changu kikiwa juu ya kitufe. Mara ng'ambo ya mto akatokea Mama Ukosi na wanawe nyuma yake. Alipomwona dume akasimama kwa miguu ya nyuma, mikono yote miwili inaning'inia kifuani, kucha zimetimia. Na dume naye, kwa wivu wa chakula, akasimama akaukumbatia mti wa chanja. Mguu wa kushoto, vidole vinne. Wote wawili wakawa ndani ya picha moja! Nilibonyeza huku nalia, nasema wazi, nalia na kucheka peke yangu juu ya mabati.

Jioni nikabisha kwa mwalimu mwenye mashine ya kuchapishia, tukatoa nakala kwa kila nyumba. Jumamosi nikamkuta Afanasi mbele ya duka, bunduki begani, watu wamemzunguka wanamuaga. Nikamnyooshea bahasha kwa mikono miwili.

“Nimat,” nikasema.

Wenyeji wakaguna. Kwetu mwindaji hakai na alichokipata. Humpa mwingine, na aliyepewa ndiye anayekwenda kugawa nyumba kwa nyumba. Hiyo ndiyo nimat, na haikataliwi. Kuikataa ni kumtemea mwindaji mate. Kabla akili ya Afanasi haijafika, mikono yake ilikwisha kupokea. Kisha akafungua bahasha. Akaona vidole vinne, masikio yakaanza kuiva.

“Umeshapokea,” shangazi yake Akulina akamwambia. “Gawa basi, mwanangu, watu wanangoja fungu lao.”

Akarudisha bunduki nyumbani, akaanza. Kila mlango ilimbidi aeleze mwenyewe alichobeba, kwa kinywa kile kile cha Jumatano. Watu wasio na huruma walimkalisha, wakamwekea chai, wakamtaka aanze upya. Yule dume wanaume walimtimua kwa fataki jioni hiyo, na chanja zikasogezwa karibu na nyumba.

Kwangu alifika mwisho. Hata mwindaji ana fungu lake. Akanikabidhi picha huku anatazama mlango.

“Si Mama Ukosi, shemeji,” akasema. “Nilikosea.”

Moyo wangu ukajaa mpaka pomoni. Nikamvutia kiti, nikammiminia chai, nikamkatia mkate. Kisha nikamwambia arudie, kwa sauti, maana mume wangu hakusikia vizuri. Mume wangu alikuwa amekaa pale pale mezani.