Mkono wa Kushoto wa Limi

Limi alizaliwa mkono wa kushoto umepinda kama mundu. Kigasha kilikuwa kifupi, kiganja kimegeukia ndani, na kidole gumba hakikuwepo. Kijijini kwao, nje kidogo ya Kahama, wapo waliosema mama yake, Asteria, alikanyaga dawa iliyotegwa njiani. Asteria akimbeba mwanawe, mkono ule ulimzunguka shingoni ukanasa barabara, na pumzi ya mtoto ikamfikia sikioni. Hilo wao hawakulijua.

Limi alipotimiza mwaka na nusu, daktari wa mifupa Mwanza aliwaeleza kwamba mfupa mmoja wa kigasha haukuumbika. Angefungwa hogo, ile plasta ngumu, libadilishwe kila wiki mpaka nyama zilegee. Kisha angepasuliwa, kifundo kinyooshwe.

"Kidole gumba tutamtengenezea baadaye kwa kidole cha shahada," alisema. "Ila tusichelewe, mama. Mkono utakakamaa."

Asteria alikuwa na mimba ya miezi minane, na mumewe, Mayala, yuko kwenye mashimo ya dhahabu Rwamgasa. Klara, dada wa Mayala, alikuwa mkazi wa Mwanza.

"Niachie mimi, wifi," akasema. "Kliniki nitampeleka mwenyewe."

Ikapita miezi mitano. Asteria alijifungua mtoto wa kiume, akamnyonyesha huku akili iko Mwanza. Akipepeta mchele, mara nyingi alijikuta ameinamisha shingo upande, kana kwamba kuna aliyeing'ang'ania. Akipiga simu, alisikia Limi akipumua tu. Siku moja akamsikia akimwita mtu mama, na aliyeitwa hakuwa yeye.

"Amesema nini?" aliuliza.

"Hajasema kitu, wifi," Klara alijibu upesi.

Waliporudi, Asteria aliwapokea stendi ya Kahama. Kifundo kilikuwa kimenyooka, na kovu jembamba limepita juu yake. Limi alimtazama kama mgeni, akajificha nyuma ya gauni la Klara.

"Nenda kwa mayu wako," Klara alimbembeleza, neno mama akilitaja kwa Kisukuma.

Hatimaye Limi alikubali kubebwa. Asteria akasubiri. Mkono mnyoofu ulimgonga begani, ukateleza, ukaning'inia. Shingo haukuitafuta tena.

Nyumbani, Asteria aliingia bafuni akafungulia maji ndooni, akalia. Klara alimkuta ameketi kizingitini, macho mekundu.

"Nilimwomba Mungu aunyooshe," Asteria alisema. "Ameunyoosha, nami nashukuru. Sikujua kama nitautamani ule uliopinda."

Klara aliketi kando yake.

"Siku ile kwenye simu aliniita mama," alisema. "Nilikudanganya. Na kesho nikiondoka, wifi, sijui nitaamka nimfanyie nani mazoezi ya mkono."

Asteria alimshika mkono. Jioni ile Klara alimfundisha kuukanda ule mkono kwa mafuta, na kuufunga kibao cha kuuweka mnyoofu usiku, kamba zisibane wala zisilegee.

Juma lililofuata, Limi alinyanyua bakuli la uji kwa mikono miwili, jambo ambalo hakuwahi kuliweza. Akaelekea kwa mdogo wake, asiye na hata jino moja. Uji ulimwagika mlangoni. Asteria alipangusa sakafu, akajaza bakuli tena, akampa alibebe.