Vibao vya Marehemu

Mpima ardhi alifia kwenye foleni ya kununua balbu, akaacha meli juu ya meza ya kulia chakula. Kusema kweli haikuwa meli bado. Ilikuwa mifupa ya meli, urefu wa mkono wa mtu mzima: mkuku chini kama uti wa mgongo, mataruma yamesimama juu yake kama mbavu za samaki aliyekwisha kuliwa, na ubavuni vibao vichache vyembamba alivyowahi kuvigandisha kabla taa ya chumba haijaungua.

Mjane wake alikuwa fundi miwani, na meli ile hakuipenda hata chembe. Tangu iingie nyumbani ikiwa ndani ya boksi, watu walikula sahani zikiwa mapajani. Wageni wa msiba nao walikula hivyo hivyo, wakiizunguka meza kwa heshima.

Msiba ulipokwisha akaja wifi yake. Huyu alikuwa dada mkubwa wa marehemu, mwalimu wa udereva, mtu aliyezoea kuketi kiti cha abiria na bado yeye ndiye anayeendesha. Alikunywa chai, akauliza hali, kisha akasema amekuja kuchukua meli, iwe kumbukumbu ya mdogo wake.

Fundi miwani alikuwa ameomba miaka na miaka mtu aje aiondoe. Kwa hiyo alijishangaa aliposikia kinywa chake kikisema kwamba haiwezi kuondoka, haijakwisha.

"Nani ataimaliza?" wifi akauliza.

"Mimi."

Wifi alimtazama kama anavyomtazama mwanafunzi anayetaka kuingia barabara kuu na breki hajui iko wapi. Akasema vizuri, basi kila Jumamosi atakuja kuangalia.

Kila kibao kilikuwa chembamba kama rula ya shule, na kilitakiwa kuzunguka kutoka puani mwa meli hadi nyuma kikiegemea kila taruma. Vya kwanza vilivunjika, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayesonya chumba cha pili. Wifi alikaa na mkoba wake magotini, akivihesabu kimoja kimoja. Mwisho fundi miwani akaikumbuka kazi yake mwenyewe: fremu baridi hukatika, fremu ya moto hutii. Akaloweka vibao kwenye beseni la maji ya moto, akavikunja taratibu ubavuni mwa pasi, akavibana kwa vibanio vya kuanikia nguo. Vikatii.

Basi akanogewa. Siku za katikati ya wiki akafunika upande wote wa kulia, kwa kuwa ndio ulioelekea kiti chake. Jumamosi wifi akaingia, akavua viatu, akainama hadi macho yakawa sawa na meza.

"Meli yako inakata kona," akasema.

Ilikuwa kweli. Gundi ikikauka huvuta, na upande mmoja ukivuta bila mwenzake kuvuta, mkuku hupinda. Pua ya meli ilitazama dirishani, nyuma yake ikatazama jikoni. Hapakuwa na dawa ila kubandua na kuanza upya kwa zamu, kibao kulia, kibao kushoto.

Walibandua kwa kisu na maji ya moto. Walipofika kwenye vibao vya marehemu, wifi akaweka kiganja juu yake. Hivyo visiguswe, akasema, hiyo ni mikono ya mdogo wake.

Fundi miwani akavaa miwani yake ya kukuzia na kuvitazama kwa karibu, mara ya kwanza tangu vigandishwe. Mumewe hakuruhusu mtu asogee. Alikuwa akisema kazi hii ni ya milimita. Nafasi kati ya vibao zilipitisha ukucha. Gundi ilikuwa imetiririka kama kamasi. Na huyu ndiye ambaye ukoo mzima ulimwita fundi.

"Wifi, hebu tazama."

Wifi akapokea miwani. Akatazama kwa muda mrefu.

"Hiki amekigeuza ndani nje."

"Ndiyo."

"Na huu msumari?"

"Wa viatu."

Wifi akaivua miwani, akaifuta ingawa haikuwa na uchafu. "Gari nilimfundisha mimi," akasema. "Akafeli, akafeli tena. Watu tukawaambia mtahini ana chuki naye."

Fundi miwani alijaribu kuzuia, ikashindikana. Kicheko kilimtoka tumboni, kikamwambukiza wifi, na katikati yake wifi akaanza kulia, yeye ambaye siku ya mazishi alielekeza magari maegeshoni bila hata kupepesa jicho. Fundi miwani akamsogezea kitambaa cha kufutia gundi, maana ndicho kilichokuwapo. Wifi akakitumia. Kikamganda kidogo shavuni.

Vibao vya marehemu vikabaki, na vingine vyote vikalazimika kuufuata uhovyo wake, hapa kupunguzwa, pale kuongezwa kipande. Wifi alishika upande wa kushoto, mjane wa kulia. Walisemana vilevile. Wifi alisema mwenzake ana haraka ya mtu aliyeacha chungu motoni. Mjane akajibu kwamba anayekanyaga breki kila hatua hafiki. Mwishowe wakaziba nyufa kwa unga wa mbao na gundi, wakapiga msasa hadi wote wawili wakawa na mvi za vumbi. Ukipitisha mkono, meli ilikuwa laini kama yai, isipokuwa mahali pamoja ubavuni ambapo mkono ulisita.

Wakaipeleka kwa wifi kwa gari la mafunzo, mjane ameipakata. Wifi aliendesha polepole hivi kwamba mwanafunzi wake wa zamani alipiga honi, akawapita. Wakaiweka juu ya kabati, wakaketi kuitazama.

"Haina milingoti," mjane akasema.

"Nimeona."

"Wala matanga."

Wifi akakiri kwamba kile kifurushi cha kamba kilichokuja na boksi amekwisha kukifungua, na hakuelewa kitu. Mjane akanywa chai, akasema atakuja yeye Jumamosi. Wifi akasema Jumamosi ana wanafunzi hadi saa sita. Mjane akasema mchana unamfaa.