Mlima Usiofutika

Maabara yetu pale Ntinda, Kampala, hupima maziwa na unga, kuona kama vina sumu ya dawa za wadudu. Mashine yenyewe ni nyeti kuliko mama mkwe: ukiikoholea, inaandika. Kila inachokikuta hukichora kama mlima kwenye kompyuta, na tangu mwezi jana ilikuwa ikichora mlima uleule. Unga wa soko la Kalerwe, mlima. Maziwa, mlima. Maji matupu, mlima tena, umejitanua kama tajiri arusini.

"Ni mafuta," Daktari Obwona, mkurugenzi wetu, alitutangazia Jumatatu asubuhi. "Na humu ndani nani anakula mafuta?"

Macho yote yakamwendea Perpétue, Mkongomani anayesafisha maabara. Kila mchana hufungua sombe yake, kisamvu cha kwao chenye mawese, na waliomkodolea macho ndio haohao waliomwomba kijiko Ijumaa.

"Patron, mawese ni mekundu," alijibu Perpétue. "Ningegusa mashine, si mngeona vidole?"

"Kamati itaamua Ijumaa. Ikiwa ni wewe, mkataba umekwisha. Sasa tuombe."

Maombi ya Jumatatu hayakosekani. Mkurugenzi akatoa kichupa chake cha upako, akatupaka viganjani mmoja mmoja, hata waliokwisha vaa glavu. Kisha ikaja zamu ya mashine: kidole kwenye kifuniko, kidole kwenye sindano inayofyonza sampuli. Mwezi jana, kabla ya mlima wowote, lilikuwa tone moja. Mlima ulipokataa kuondoka, yakawa matatu. Siku hiyo alimimina.

Sisi wafanyakazi tulikwisha nong'ona jikoni hadi chai ikapoa. Lakini nani amwambie mkubwa kwamba upako wake ni uchafu? Kazi hiyo tukamsukumia Otema, askari wa getini.

"Mimi nilipigana msituni miaka sita," akasema. "Lakini hiyo vita, hapana."

Basi kamati ikapiga marufuku sombe. Kesho yake losheni ya Perpétue, kesho yake kilemba chake. Mlima ukazidi kunenepa.

Alhamisi akaja Ongom, fundi wa mashine, mtu wa maneno machache. Alifuta kila sehemu kwa pamba yake, akapima pamba moja moja. "Sindano ndiyo chafu kuliko vyote. Mama, unaisafisha na nini?"

Perpétue akatutazama. Wote tukawa tunasoma dari.

"Mimi sindano siruhusiwi," akasema. "Anaigusa Patron peke yake, Jumatatu."

"Anaigusa na nini?"

Mkurugenzi hakungoja kutajwa. Alichomoa kichupa kwa furaha. "Hata wewe fundi unauhitaji. Lete mkono!"

Ongom alipokea tone lake, akashukuru, akalitia kwenye mashine. Mlima ukapanda, uleule, mpaka ukagonga juu ya skrini.

"Mnaona?" Obwona akapaza sauti. "Imeutambua!"

Ijumaa kamati iliandika kwamba uchafu "ulitoka juu", ikaishia hapo. Perpétue akabaki na mkataba wake, na kwa agizo la Ongom akawekwa mlangoni: haingii mtu bila kunawa.

Jumatatu tulipakwa kama kawaida, tukapanga foleni kwenye beseni, mkurugenzi mbele.

"Viganja, Patron."

"Perpétue, huu ni upako!"

"Najua, Patron." Akamsogezea kipande cha sabuni. "Na hii pia nimeiombea."