Ukurasa wa Sitini na Mbili

Saa nane na dakika kumi za mchana, siku ya Jumanne, kompyuta ya Djamila iligoma kwa mara ya tatu ikisema mémoire imekwisha. Djamila alikuwa ameketi kwenye pembe ya atelier ya baba yake, Papa Hamadi, fundi wa nguo wa Kabondo, hapa Kisangani. Mlangoni Mama Ursule alikuwa akiuza kwanga zake, mikate ya muhogo, kama siku zote. Umeme ulikuwepo, pasi ilikuwa ikipata moto, na kazi iliyokuwa ikiishinda mashine ilikuwa ndogo mno kuishinda mashine yoyote.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Miezi kumi na moja nyuma, baleinière moja, boti ndefu ya mbao iliyotoka Bumba, ilizama usiku ikiwa karibu kabisa kufika Kisangani. Hakuna aliyeokoka, na mto haukurudisha hata kiatu. Ofisi moja ya usafiri wa mtoni, ambayo hatutaitaja kwa kuwa yenyewe haipendi kutajwa, iliamua kuweka majina ya waliokufa kwenye tovuti, kila mtu na ukurasa wake. Karani wa commune, serikali ya mtaa, angetafuta jina, akilikuta angetoa karatasi ya kifo. Asipolikuta, mtu huyo angehesabiwa kuwa yuko safarini.

Ofisi ilimpa Djamila, mjenzi wa tovuti, faili lenye majina sitini na moja. Ndiyo majina yaliyoandikwa kwenye daftari la abiria pale Bumba.

Sasa, kila mtu wa mto huu anajua abiria wanavyopanda. Chombo kikishang'oa Bumba, daftari hufungwa na kutiwa mhuri. Kisha kule njiani, Basoko, Barumbu, Isangi, mapirogue huja yakipiga makasia katikati ya mto, watu hurukia ubavuni mwa chombo na mizigo yao, na chombo hakipunguzi hata mwendo. Hao hawaandikwi, maana daftari limekwisha kufungwa. Desturi ni hiyo na hakuna anayeiona kuwa mbaya, mpaka siku chombo kinapozama.

Gracia, binti wa Mama Ursule, alikwenda Barumbu kununua samaki wa kukausha na hakurudi. Wakwe zake, watu wa kabila la Wagenia, walisema jina lake haliko kwenye daftari, kwa hiyo hakufa: amemkimbia mume wake Sadrack, yuko Kinshasa na mwanamume mwingine. Bila karatasi ya kifo hawakukubali matanga yafanyike. Mama Ursule alikuwa amekwisha kumpa Papa Hamadi kitambaa cheusi, na Papa Hamadi alikuwa amekwisha kushona. Gauni lilikuwa likining'inia kwenye msumari, juu ya cherehani, kwa miezi kumi na moja. Kila Jumamosi Papa Hamadi alilipangusa vumbi.

Djamila alifanya yale ambayo kila mjenzi wa tovuti hufanya. Alifunga kivinjari, akapunguza ukubwa wa picha, akaiwasha mashine upya. Baba yake alipouliza kunani, alimweleza kwamba mémoire ya kompyuta ni kama meza ya kukatia nguo: mashine hutandaza kazi juu yake, na meza ikijaa, kazi husimama.

"Na ile inabakia inaenda wapi?" aliuliza Papa Hamadi.

Djamila alisema haiendi popote, inapotea. Hapo alikosea.

Alisoma tena maandishi ambayo mashine huacha inapojenga. Ukurasa wa hamsini na tisa, wa sitini, wa sitini na moja. Ilipaswa kuishia hapo. Lakini ilikuwa imeendelea na ukurasa wa sitini na mbili, wa sitini na tatu, mpaka wa sabini na nne, ndipo meza ikajaa. Alifungua faili na kuhesabu kwa kidole. Majina yalikuwa sitini na moja.

Alipoinua kichwa aliona watu kumi na watatu wamekaa kwenye benchi la wateja. Walikuwa wamelowa. Kulikuwa na mwalimu aliyeshika sanduku la chaki, mama mwenye godoro lililokunjwa, na mzee mwenye kuku kwapani, naye kuku amelowa. Walikuwa wamebanana kwa adabu ili kila mmoja apate nafasi. Chumba kilinuka mto. Papa Hamadi alivua kofia yake, akaivaa tena, akawaambia karibu. Walijibu asante, wakaendelea kungoja.

Djamila alishikwa na woga, lakini si woga wa kukimbia. Ulikuwa ule wa mtu aliyechelewa kuingia msikitini akakuta wenzake wote wamekwisha kusujudu. Alivua viatu bila kujua kwa nini.

Mama Ursule aliacha beseni lake la kwanga mlangoni, akapita mbele ya benchi, akitazama uso mmoja mmoja. Alipofika mwisho alirudia tangu mwanzo.

"Gracia haiko," alisema. "Djamila, mutoto yangu, ongeza."

Siku ya Jumatano Djamila aliongeza. Kila chombo cha kujengea tovuti kina kikomo cha mémoire kinachoruhusiwa kutumia, na kikomo hicho mtu anaweza kukisogeza. Alikisogeza mpaka karibu na mwisho wa uwezo wa mashine. Ujenzi ulifika ukurasa wa mia moja na kumi na nane, ukaanguka, na watu arobaini na wanne wengine wakawa wamesimama uani, wakidondosha maji juu ya mchanga. Wateja wa Papa Hamadi walipita katikati yao kuchukua suruali zao, wakisema pardon. Mama Ursule alizitazama nyuso zote. Kisha alirudi mlangoni, akakaa nyuma ya beseni, na siku hiyo hakuuza kitu.

Djamila alimwambia kwamba mashine imejaa, haina tena pa kuongeza. Mama Ursule alitikisa kichwa kwa kuelewa, akasema basi aongeze tena.

Alhamisi alitenga sehemu kubwa ya diski ifanye kazi ya mémoire. Hiyo ni dawa ya wenye subira, kwa sababu diski ni nzito. Kuanzia asubuhi mashine ilikokota ukurasa kwa ukurasa, feni yake ikilia, na saa tisa mchana ilifika ukurasa wa mia mbili na saba, ikasimama. Sasa watu walikuwa mia moja arobaini na sita. Walijaza atelier, ua, na ukuta wote wa nje mpaka kwenye kibanda cha kuuza vocha. Hakuna aliyepaza sauti. Mtaa mzima ulinyamaza pamoja nao, na hata wenye kupika waliteremsha vifuniko vya sufuria polepole.

Wa mwisho kabisa alikuwa mwanamke kijana mwenye kikapu cha samaki. Mama Ursule alimwona, akajifuta mikono kwenye kikwembe chake, akamwendea.

"Ulikula?" alimuuliza.

"Tulikula ku Barumbu, mama," alisema Gracia. "Kisha nikapandia mu pirogue, katikati ya mayi. Mwenye cahier alisema iliisha kufungwa."

Mama Ursule alimshika shavu. Furaha na uchungu vilimjia pamoja, na hakujua kipi akitangulize. Alichofanya ni kukamua maji kwenye nywele za binti yake, mkono kwa mkono. Maji hayakwisha. Alikwenda kuleta beseni, akaliweka chini ya miguu yake.

Ilibaki shida ya Djamila. Kurasa zote zilikuwa zimeonekana lakini hakuna hata moja iliyokamilika, na watu walikuwa bado wamelowa. Alikaa akiitazama mashine. Papa Hamadi, ambaye wakati huo alikuwa akikata shati kando ya mwalimu mwenye chaki, alisema bila kuinua macho:

"Mi sitandikake vitambaa vya batu yote ku meza. Nakata ya moja, naitosha ku meza, naweka ya ingine. Meza yangu iko kidogo tangu mwaka makumi tatu."

Djamila aliona aibu kidogo, maana alikuwa amesomea jambo hilo miaka mitatu. Ijumaa, baada ya sala, aliandika ujenzi upya. Mashine ingechukua mtu mmoja, ingejenga ukurasa wake, ingeuandika kwenye diski, ingefuta meza, ndipo ingemwita mwingine. Aliandika jina la kila mmoja kwenye faili akiwauliza wenyewe, na wao walimtajia bila haraka, wakimsaidia pale penye herufi ngumu. Kisha alibonyeza.

Ukurasa wa sitini na mbili ulikamilika. Mwalimu mwenye chaki alisimama. Alikuwa mkavu, shati lake limenyooka kama limetoka kwenye pasi sasa hivi. Aliwaaga, akatoka nje, akashika njia ya mtoni. Ukurasa wa sitini na tatu ulikamilika, na mama wa godoro akamfuata. Godoro lilikuwa limekauka na limerudi kuwa jepesi. Alilibeba kichwani bila kulishika.

Wakaenda hivyo mmoja mmoja, mpaka jioni. Waendesha toleka walishuka kwenye baiskeli zao na kusimama kando ya barabara, mikono juu ya usukani, hakuna aliyepiga kengele. Wenye pikipiki walizima injini. Wanawake wa sokoni walisogeza mafungu yao ya majani ya pondu kuwapisha. Mimi nasema wazi kwamba mji huu umepata kuona mambo mengi na mengi yake ni ya kusahau, lakini hiyo Ijumaa walioiona husimulia kwa sauti ya chini, na hakuna anayeongeza chumvi.

Gracia alikuwa wa mwisho. Alisimama akiwa mkavu, kikapu mkononi.

"Matanga itakuwa lini, mama?"

"Jumanne," alisema Mama Ursule. "Jumatatu napata karatasi."

Gracia alisema ni vizuri. Alikwenda akifuata wenzake, na Papa Hamadi alitungua gauni jeusi kwenye msumari. Lilimkaa Mama Ursule sawasawa, ingawa miezi kumi na moja ilikuwa imempunguza. Papa Hamadi alikuwa amelitia vishikizo viwili vya ziada, bila kuambiwa. Jumamosi na Jumapili Mama Ursule alikodi viti, akaagiza bâche ya kivuli, akawaambia waimbaji wa parokia.

Jumatatu saa mbili asubuhi alifika Chef Anselme, mkubwa wa ile ofisi. Alikuwa mtu mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alikaa kwenye benchi, akapeleka tovuti juu na chini, akaisifu kwa wepesi wake. Kisha alifika ukurasa wa sitini na mbili.

Hakupinga kwamba watu hao walikuwepo. Alisema aliwaona mwenyewe Ijumaa wakipita mbele ya ofisi, na kwamba mmoja wao alimfundisha mtoto wake hesabu. Tatizo lake lilikuwa jingine.

"Baleinière ilikuwa na ruhusa ya batu makumi sita na moja," alisema. "Donc walikufa makumi sita na moja. Rapport iliisha kutiwa sahihi."

Djamila alikataa kufuta. Anselme hakukasirika hata kidogo. Alimshukuru kwa kazi, akarudi ofisini, na kwa kuwa nenosiri lilikuwa la ofisi, mtu wa huko aliongeza mstari mmoja tu kwenye ujenzi: ukifika sitini na moja, simama. Tovuti ilijengwa kwa sekunde nne. Baadaye Anselme alimtumia Djamila ujumbe kumpa habari njema kwamba tatizo la mémoire limekwisha kabisa.

Saa sita na nusu walianza kurudi. Walikuja kwa njia ile ile, mwalimu mbele, wamelowa, wakiacha alama za maji barabarani. Waendesha toleka walisimama tena. Papa Hamadi alikuwa amekwisha kumwita seremala alete mabenchi mawili mengine. Gracia alifika wa mwisho na kukaa pale pale pake. Mama Ursule alikuwa ametoka kwa karani mikono mitupu. Alivua gauni nyuma ya pazia la kujaribia nguo, akavaa kikwembe chake cha kuuzia.

Jumanne, siku ambayo ingekuwa ya matanga, alikuja Jérémie, kaka mkubwa wa Sadrack, na wazee wawili wa Wagenia. Walikuwa wamesikia. Walimsalimu Papa Hamadi, wakawasalimu waliokuwa kwenye mabenchi, wakasimama mbele ya Gracia. Jérémie alimtazama kwa muda mrefu, akatazama na samaki wake.

"Si tulisema?" alimwambia Mama Ursule, na hakusema kwa ubaya. "Mutu mwenye kufa haikalake ku benchi ya fundi."

Wazee walikubali kwamba hilo ni kweli. Waliaga na kwenda zao.

Papa Hamadi alilipangusa gauni vumbi ambalo halikuwepo, akalirudisha kwenye msumari. Djamila aligeuza uso, akaifungua mashine yake, akaanza kujenga upya kurasa zote mia mbili na saba, moja moja, kama alivyofanya jana yake na kama anavyofanya mpaka leo umeme ukiwepo. Hukamilika zote, ila nenosiri la tovuti liko ofisini. Hazina mahali pa kwenda.

"Mama," alisema Gracia, "matanga ni lini?"

Mama Ursule alisema bado kidogo. Aliinua beseni lililokuwa chini ya miguu ya binti yake, akalimwaga nje, akalirudisha.