Mbeleko Mlangoni

Mkesha wa Krismasi nilikuwa nalinda mlango wa duka la Luqman, Kibaoni. Watu walijaa kufuata punguzo la bei. Mwanamke mmoja akapita na mtoto mgongoni, kafunikwa gubigubi. Nikapapasa mbeleko, ndani hamkuwa na mtoto, ila blanketi jipya la dukani kwetu, lebo ya bei ingalipo.

“Mtoto yuko wapi, dada?”

“Tulimzika Jumanne,” akanong’ona. “Nilitaka tu mgongo uwe na uzito.”

“Levina! Umemkagua huyo?” Luqman akaita kutoka kaunta.

Mlinzi mwenzangu alifukuzwa juzi kwa kupitisha kopo moja la maziwa, na mimi nina mtoto anayenyonya.

“Ni mtoto, bosi. Amelala.”

“Basi mpishe, asije akaamka.”

Akatoka akijitikisa taratibu, kama anayebembeleza. Alipofika barabarani, nikasikia mtoto akikohoa mgongoni kwake.