Kazi Iliisha

“Ukimfungulia huyo, Wendy, usije kunililia mimi!”

Jirani yetu Mwanamvita alikuwa amejaa langoni kwetu, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika mwiko ambao bado ulikuwa ukidondosha tui. Nje ya lango, juani, mwanamke mwembamba alisimama na begi lake akituangalia tukigombana, mtulivu kama mtu aliyejibanza ukutani akingoja mvua ipite. Aliitwa Kathini. Alikuwa amekuja kuomba kazi ya kumtunza mama yangu.

“Kwani Mama Ridha, lango hili ni la nani?” nikamuuliza.

“Lango ni lako, ukuta ni wetu sote. Wakiingia kwako leo, kesho wameruka kwangu.”

Nyumba zetu za mtaa wa Mwakingali zilikuwa zimeegemeana kama abiria waliosinzia. Ukikaanga kitunguu kwako, jirani anapiga chafya kwake.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu binti yangu Lynn alinipigia juzi kutoka Nairobi. Anatafuta dada wa kumlelea mtoto. Ana picha ya kitambulisho, ana cheti cha polisi, ana kamera inayomwonyesha sebule yake akiwa ofisini. “Lakini mama,” akaniuliza, “nyinyi mlikuwa mnawajuaje watu?” Nikacheka peke yangu. Sisi tulikuwa na baraza.

Baraza la mama yangu Tryphena halikuwa na chochote cha kujivunia: saruji iliyopasuka, viti ambavyo kila kimoja kilikuwa na ugonjwa wake, na birika lililokuwa halipoi. Ila halikuwahi kukosa watu. Ukitoka sokoni unakuta Mwanamvita anachambua mchele, jirani yetu Reuben anasoma gazeti la juzi, na mtu usiyemjua anakula viazi vyako na kukukaribisha. Nimepanga nyumba nzuri zaidi maishani. Hakuna iliyonipokea vile.

Basi ikatokea wanaume wawili wenye ovaroli na kofia za njano wakabisha kwa Reuben, wakasema wanakagua mita ya stima. Msichana wake wa kazi, aliyeletwa na wakala wa mjini, aliwafungulia, na aliposikia mita iko juu akawaletea na stuli. Wakaondoka na televisheni, mtungi wa gesi, na cherehani ya marehemu mke wake. Reuben alikuwa askari wa wanyamapori mstaafu. Aliikalia ile stuli siku nzima akisema, “Nimelala na simba wa Tsavo wakinguruma nje ya hema, nimekuja kuibiwa na watu wa kofia.” Tulicheka, naye akacheka. Ila baadaye nilimwona akifuta vumbi mahali cherehani ilipokuwa.

Tangu siku hiyo ikawa sheria: hakuna mfanyakazi wala fundi wa kuingia nyumba yoyote ya safu yetu kabla ya kupita barazani. Fundi Obadiah alikuja kumwekea Reuben vyuma vya madirisha, akakalishwa, akapewa chai. Chai ikiisha tulikuwa tunajua kwao ni wapi, nani alimsomesha ufundi, na kwa nini mama mkwe wake hakuhudhuria harusi. Kilichompa kazi hasa ni kwamba mama yangu alimjua shangazi yake, muuza maziwa kule kwetu milimani, Werugha. Ndivyo ilivyokuwa: ukiwa na mtu wa kukujua, uko ndani.

Kathini hakuwa na mtu wa kumjua.

Na mimi nilimhitaji. Mama alikuwa ameteleza akavunjika nyonga, na kibanda changu cha mitumba kilikuwa kimefungwa kwa sababu sikuwa na wa kumwachia. Nisipopata mtu, ingenibidi nimpandishe Werugha kwa ndugu zetu, kwenye baridi na ukungu, nyumba ambayo watu wote huenda shambani asubuhi wakarudi jioni. Alizaliwa huko na alipapenda. Lakini alijua, nami nilijua, kwamba akipanda safari hiyo hatashuka tena, na atazishinda siku zake akitazama ukuta, yeye aliyezoea kutazama watu.

“Mwacheni aketi,” mama akasema kutoka kwenye kiti chake, mguu umenyooshwa juu ya mto. “Hata mshtakiwa hupewa kiti.”

Kathini akaketi. Mama akamsalimu kwa Kidawida, lugha yetu, makusudi. Waliomtangulia kuomba kazi hiyo walikuwa wakitikisa kichwa kama wameelewa. Yeye akasema, “Samahani, mama, hiyo sijui. Mimi ni wa Kibwezi.”

“Ulikuwa unafanya kazi wapi?” Reuben akauliza.

“Taveta. Bomeni.”

“Bomeni!” Mwanamvita akaruka. “Kaka yangu Abdulghani yuko hukohuko! Mwenye duka la vitambaa. Wamjua?”

Kathini akamtazama, kwa muda mrefu kidogo kuliko swali lilivyostahili. “Bomeni ni kubwa, mama.”

“Ulikuwa kwa nani, basi?”

“Kwa watu wazuri.”

“Watu wazuri hawana majina? Na kwa nini ulitoka?”

“Kazi iliisha.”

“Iliishaje? Uliiba? Ulifukuzwa?”

“Sikuiba. Kazi iliisha.”

Akang’ang’ania hapohapo. Mwanamvita alimzunguka kwa kila njia, kwa ukali, kwa utani, hata kwa kumwongeza chai, na mwanamke yule akabaki na maneno yake mawili. Mwishowe Mwanamvita akampigia kaka yake palepale, kwa ile sauti yake ambayo simu ilikuwa pambo tu. Kaka akasema hamjui mtu anayeitwa Kathini.

“Mmesikia?” akatuambia. “Kaka yangu anaujua mji mzima.”

Reuben akasema hapana. Mwanamvita alikuwa ameshasema hapana tangu langoni. Mimi nilinyamaza, jambo ambalo kwangu ni sawa na kuugua. Ndipo mama akaomba kikombe chake kijazwe.

“Ataingia,” akasema. “Ameulizwa na Mwanamvita, na hakutapika. Huyu ana kifua.”

Mwanamvita akainuka, akachukua mwiko wake, akaenda kwake.

Kathini alimwosha mama, akamgeuza, akamfundisha kutembea tena kwa kushikilia mgongo wa kiti. Alipika kimanga, chakula chetu cha muhogo na maharagwe yaliyopondwa, kwa maelekezo ya mama kutoka barazani, na mama akikionja husema, “Karibu utakuwa Mdawida.” Kibanda changu kikafunguliwa. Mtu akibisha langoni, hata awe mchungaji wetu, Kathini aliuliza kwanza kabla ya kugusa komeo. Hakuna aliyetuibia hata kijiko.

Ila Mwanamvita hakukanyaga tena kwetu. Yeye aliyekuwa akiingia bila hodi, akifunua sufuria na kuonja na kutukosoa chumvi, sasa alichambua mchele wake mlangoni kwake, ametupa mgongo. Kiti chake kilibaki pale barazani, na hakuna aliyekikalia. Mama alikuwa akikitazama. Siku moja akaniambia, “Nimepata miguu, nimepoteza rafiki,” kisha akaomba chai ili nisione uso wake.

Shule zilipofunga, Nasiha, binti wa Abdulghani, akaja kwa shangazi yake. Nilishangaa ukubwa wa sanduku aliloshuka nalo. Likizo ya Agosti si ndefu hivyo. Mwanamvita alikuwa bado anamlipa wa bodaboda wakati Kathini alipotoka kumwaga maji langoni kwetu. Yule mtoto akaachia sanduku likaanguka, akakimbia.

“Dada!” akapiga kelele. “Dada! Dada!”

Akamkumbatia kiunoni akalia. Kathini akaweka beseni chini, akampapasa kichwa, akamwambia kitu sikioni. Kisha akainua macho. Mwanamvita alikuwa amesimama barabarani, chenji mkononi, mdomo wazi.

Dada. Nyumba ile hawakuwahi kumwita kwa jina.

Unaweza kufikiria nilivyoungua kwa hamu ya kujua. Nilimfuata Kathini jikoni, nikajifanya natafuta chumvi. “Kumbe ulikuwa kwa kina Abdulghani?” Akaendelea kuponda muhogo. “Kazi iliisha, Mama Lynn,” akaniambia, na chumvi akanipa.

Aliyenieleza ni Mwanamvita mwenyewe, jioni, kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo, tukiwa kila mtu upande wake wa ukuta.

“Kaka ameachana na mkewe tangu kabla ya Ramadhani. Mkewe amerudi kwao, na mimi nimefichwa. Kathini naye akaona si heshima kubaki nyumba moja na mwanamume, akafunga begi. Na sauti yangu aliijua, Wendy. Kila Ijumaa nilikuwa nikipiga simu kule, yeye ndiye aliyempelekea kaka simu.” Akaegemea ukuta. “Nami namuuliza mbele ya watu kwa nini alitoka. Angejibu, mtaa wote ungejua kabla yangu.”

Nilitaka kubisha kuhusu mtaa. Lakini mtaa aliokuwa akiutazama wakati huo ulikuwa mimi.

Kesho yake mchana tulikuwa tumeketi mezani, mama kwa miguu yake mwenyewe, tuliposikia lango likigongwa.

“Hodi.”

Mama akaniangalia. Sauti ile ilikuwa haijawahi kutamka neno hilo nyumbani kwetu.

Kathini akaenda, akasimama mbele ya komeo kama tulivyomfundisha. “Nani?”

“Mimi.”

“Mimi nani?”

“Mwanamvita.”

Komeo likalia. Alikuwa amesimama nje, juani, palepale aliposimama Kathini na begi lake, mikononi bakuli lililofunikwa kitambaa. Nasiha alikuwa nyuma yake, ameshika buibui la shangazi. Mwanamvita akavuta pumzi, akaanza, “Mwanangu, ile siku—”

Kathini akampokea bakuli.

“Kimanga kinapoa, Mama Ridha,” akasema. “Ingieni tule.”